Mzee wa Jumapili

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ni dalali wa nyumba, na mtaani kwetu wanamwita Mzee wa Jumapili. Asiyemjua hudhani ni mcha Mungu. Jina hilo alipewa na madalali wenzake, kwa sababu nyumba zenye walakini huzionyesha Jumapili tu. Nyumba iliyopakana na baa huionyesha Jumapili asubuhi, walevi wakiwa bado wanakoroma. Iliyo karibu na shule, Jumapili. Iliyo kando ya barabara ya malori, Jumapili, tena mapema. Na kama nyumba ina chumba chenye giza, atasubiri mpaka jua lipite dirishani, ndipo amwingize mteja na kumnong'oneza, kana kwamba anatoa siri ya ukoo, "Hiki ndicho chumba chako."

Alikuwa akijisifu kwamba hajawahi kusema uongo. Tukiwa mezani kwao, akishashiba, atajinyoosha na kusema, "Mimi namfungulia mtu mlango. Macho anayo, masikio anayo, aangalie mwenyewe." Dada alikuwa akicheka. Kuna watu waliojaliwa ulimi, unawacheka hata pale ambapo ungepaswa kukunja uso.

Mikataba yake yote huja kuchapwa dukani kwangu. Nina duka dogo la kuchapa na kutoa fotokopi, lenye meza mbili, mashine moja nzima na nyingine ya kubembeleza. Siku moja alikuja na mkataba wa kampuni fulani kubwa, aliouokota sijui wapi, akaniwekea kidole kwenye kifungu cha mwisho. Kilisema kwamba mgogoro wowote kati ya pande mbili utapelekwa kwa msuluhishi mmoja watakayekubaliana wote, na uamuzi wake utakuwa wa mwisho.

"Hiki nitilie kwenye mikataba yangu yote," alisema.

"Unajua maana yake, shemeji?"

"Kinaupa mkataba uzito. Mteja akifika hapo anajua kaingia kwa watu wa maana."

Basi nikawa nakipachika juu ya mstari wa saini, kama vile watu wanavyoweka maua ya plastiki sebuleni. Hakuna aliyewahi kukiulizia. Shemeji mwenyewe, nina hakika, hakukisoma zaidi ya siku ile.

Kisha akaja yule nesi. Alikuwa msichana mwembamba, mpole, anayefanya zamu ya usiku kwenye wodi ya watoto, na anaishi na mama yake mzazi. Alikuwa anatafuta nyumba ya kupanga na sharti lake lilikuwa moja tu: mchana pawe kimya, maana mchana ndio usiku wake. Shemeji alikuwa na nyumba ya tajiri mmoja anayeishi mbali, ambaye alimwachia funguo na ruhusa ya kusaini kwa niaba yake. Ni nyumba safi, ina kisima na bustani. Ila ukuta wa chumba cha kulala umepakana na karakana ya kutengeneza mageti ya chuma.

Sihitaji kuwaambia walikwenda kuiangalia siku gani.

Nesi aliniambia baadaye kwamba alisimama katikati ya chumba akauliza, "Kaka, mchana huku kumetulia?" Shemeji akainua kidole, akafumba macho, akasema, "Sikiliza mwenyewe." Wakasimama wote watatu, yeye, mama yake na dalali, wakasikiliza. Kulikuwa na kuku wa jirani tu. Nesi akasaini, akalipa kodi ya mwaka mzima.

Jumatatu mashine ya kukatia chuma ikaamka. Kama umewahi kukaa karibu nayo unaijua sauti ile, inaingia kwenye meno kabla haijafika masikioni. Alijaribu kuziba masikio kwa pamba. Alijaribu kulala jikoni, kwenye mkeka, kichwa chini ya meza. Alikwenda kuzungumza na mafundi, nao wakamjibu kwa adabu kwamba karakana ilikuwepo tangu nyumba hiyo haijajengwa, na mageti hayajikati yenyewe. Alimpigia shemeji simu. Shemeji akamwambia, "Dada yangu, utazoea," na simu zilizofuata hakuzipokea.

Hakuzoea. Zamu moja, akiwa amesimama kwa nguvu za chai, alikaribia kumpa mtoto dawa ya mtoto mwingine. Mwenzake alimdaka mkono. Mkuu wao wa wodi akamwita kando akamwambia kwamba safari hii yameisha kwa maneno, likitokea tena ataondoka kazini. Hapo ndipo maji yalipomfika shingoni. Hakuwa na kodi nyingine ya kuhamia kwingine, fedha zote zilikuwa kwenye nyumba ile. Ama avunje mkataba arudishiwe miezi iliyobaki, ama aendelee kutolala mpaka kazi impotee, au mtoto wa mtu apotee.

Alikwenda mahakamani. Karani akausoma mkataba mpaka mwisho, jambo ambalo sisi wengine hatukuwa tumelifanya, akamrudisha. Ndipo akaja dukani kwangu na karatasi zake, macho mekundu. "Dada, wamesema lazima twende kwanza kwa msuluhishi. Kumbe kuna kifungu hapa." Nikakisoma taratibu kama mtu anayekiona mara ya kwanza.

Shemeji alipopata habari alicheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa amenaswa na ua lake la plastiki. Lakini ni mtu wa kujipanga, na kwa kuwa msuluhishi lazima akubaliwe na pande zote mbili, aliwakataa wote waliotajwa na nesi, huyu ana haraka, yule ana makuu, kisha akamtaja mama mmoja aliyestaafu ofisi ya ardhi, anayeheshimika kwa kutopindika. Nesi akafurahi, akakubali papo hapo. Walikubaliana dukani kwangu, na jioni tulipokuwa tunarudi nyumbani shemeji akanigeukia meno nje. "Sikio lake la kushoto ni pambo. La kulia linasikia nusu. Na hii si ni kesi ya kelele?"

Nilitazama barabara. Ni mtu aliyenibeba mgongoni nilipovunjika mguu, na watoto wake wananiita mama mdogo. Nilimwonea haya, haya zile unazoziona kwa ajili ya mtu wako, ambazo huna pa kuzipeleka.

Kikao cha kwanza kilikuwa sebuleni kwa yule mama msuluhishi. Alitaka mtu wa kuandika yanayosemwa, na nesi akanitaja mimi. Msuluhishi akamkumbusha kwamba mimi ni shemeji yake dalali. Nesi akasema, "Najua. Ataandika yanayosemwa." Alisema hivyo bila kunitazama, na maneno hayo yalinikaa begani kama gunia.

"Nisikilizeni, maana mimi ndiye nisiyesikia," alianza msuluhishi. "Mimi si hakimu, wala sina rungu. Mmeniita wenyewe. Kila mmoja ataongea na mwenzake atafunga mdomo. Nitakaloamua mtalifuata wote, na hakuna kwenda kulia kwingine. Tunaelewana?" Wakaitikia. Nesi akaeleza yake. Shemeji akaeleza yake, kwa ufundi kweli: kwamba hakuahidi kitu, hakuficha kitu, mteja alisikiliza kwa masikio yake akaridhika, na huyu mwandishi hapa ni shahidi kwamba mkataba hautaji ukimya popote. Ilikuwa kweli yote. Niliandika neno kwa neno.

Msuluhishi alimsikiliza kwa sikio la kulia, kichwa kimeinama. Kisha akasema atakwenda kuiona nyumba siku ya kazi, asubuhi, nesi akitoka zamu. Tabasamu la shemeji likakatika hapo hapo.

Siku hiyo tulifika nikiwa nimejiandaa kwa kelele. Hapakuwa na kelele. Kuku wa jirani walikuwepo, na upepo kwenye bustani, basi. Mama yake nesi alitufungulia, mama mnene mcheshi, akatukaribisha kwa chai na kumtilia shemeji wa kwanza, kwa kuwa ndiye mwanaume peke yake. Nesi alikuwa amefika muda si mrefu, bado ana sare, viatu vyake vyeupe ameviacha mlangoni. Alikuwa anaangalia ukuta kama mtu aliyeibiwa.

"Leo sijui wamepatwa na nini," alisema. "Saa hizi huwa hatusikilizani humu ndani."

"Sikilizeni wenyewe," akasema shemeji, akanywa chai.

Msuluhishi aliingia chumbani, akaweka kiganja ukutani, akakaa hivyo kitambo, akarudi. Mama yake nesi akasema kila siku ni balaa, hata sufuria hucheza kabatini. Shemeji akamjibu kwa upole wake wa kibiashara, ule unaoteleza, "Mama yangu, si lazima tutie chumvi. Wageni wanaona." Nilimwona yule mama anavyokunja ncha ya khanga yake na kuikunjua, mtu mzima kaitwa mwongo nyumbani kwake, mbele ya birika lake mwenyewe.

Tukasubiri. Shemeji akaanza hotuba kuhusu thamani ya nyumba zenye kisima. Alikuwa katikati ya kisima msuluhishi alipoinua mkono kumnyamazisha, akaelekeza kidevu pembeni.

Nesi alikuwa amelala. Alikuwa ameketi wima kwenye kochi, kichwa kimeanguka nyuma, mdomo wazi, kikombe kimeinama kiganjani. Hakuwa amesinzia, alikuwa amezama. Mama yake akakitoa kikombe, akamlaza pole pole, akamfunika shuka mpaka mabegani. Hakustuka. Chini ya macho yake palikuwa peusi. Nilitaka kumwangalia shemeji, sikuweza. Ukimya ule aliokuwa akiutumia kumshinda ndio uliomlaza, na wote tuliokuwa pale tulikuwa tunaona mtu ambaye hajalala kwa miezi.

"Hodi." Ilikuwa sauti ya chini sana, mlangoni.

Walikuwa mafundi wa karakana, mkuu wao mbele na vijana wake nyuma. Walikuwa wamenawa mpaka viwikoni, nywele zina maji, mmoja kavaa shati ambalo kwa hakika alikuwa ameliazima kwa mwenzake. Mwingine alibeba mfuko wa sukari kwa mikono miwili. Wakavua viatu, wakasogea mpaka ndani, wakainamisha vichwa.

"Poleni sana kwa msiba," alinong'ona fundi mkuu. "Kazi tumeisimamisha tangu asubuhi. Lakini tukasema, jirani hakai nyuma ya ukuta tu, tuje tuwape mkono."

"Msiba?" akauliza mama yake nesi, naye akinong'ona, kwa ajili ya aliyelala.

"Wa mama yake nesi. Tumeambiwa kafariki alfajiri." Akautazama uso wa nesi aliyefunikwa shuka. "Maskini, kalia mpaka kachoka."

Yule mama alikuwa ameshika birika. Aliliweka chini kwa uangalifu. "Mama yake nesi ni mimi," alisema.

Fundi akamtazama yeye, akatazama birika, akatutazama sisi. Kisha macho yake yakatua kwa shemeji, na yakabaki hapo. "Huyu bwana ndiye aliyekuja kutuambia. Hata hatujafungua. Alivua na kofia."

Ningependa kusema ardhi ilipasuka. Haikupasuka. Shemeji alikuwa ameketi na kikombe chake, chai ya yule mama ikiwa bado midomoni, na shingo yake ikawa inaingia ndani ya kola kidogo kidogo. Akili zake zote za kuchagua siku na saa, na hakukumbuka jambo ambalo hata mtoto analijua, kwamba ukiwaambia watu kuna msiba, watanyamaza, halafu watakuja.

"Wanasema nini?" aliuliza msuluhishi. Hakuwa amesikia hata neno, kwa sababu wote walikuwa wananong'ona.

Kupaza sauti tusingeweza, nesi angeamka. Msuluhishi akanigeukia, akagonga daftari langu kwa kidole. "Andika."

Nilifikiria dada yangu. Nilifikiria watoto. Nikaandika: Shemeji yangu aliwaambia mafundi kwamba mama huyu amekufa, ili wanyamaze tukiwa hapa. Nikausoma mstari huo ulivyokaa, kwa mwandiko wangu, nikapata joto la uso kama ni mimi niliyevua kofia. Nikampa.

Alisoma, akampitishia shemeji. "Ni kweli?"

Shemeji alisema kitu.

"Sisikii."

Akasema tena, akiangalia mkeka.

"Sisikii, bwana."

Ikabidi ainuke, avuke sebule nzima mbele ya mafundi waliovua viatu, apige goti upande wa kulia wa kiti, upande ule anaosikia nusu, amsemee sikioni. "Ni kweli," alisema. "Nimefanya mimi." Huyo ndiye msuluhishi aliyemchagua mwenyewe.

Fundi mkuu akashusha pumzi. "Bwana, mtu hasemi hivyo juu ya mtu," alisema, bila ukali, na ingekuwa nafuu angetukana. Akaanza kuwarudisha vijana wake. Mama yake nesi akamshika mkono. "Baba, mkirudi msiwashe kwanza. Mwacheni alale kidogo." Fundi akasema leo hawawashi. Wakatoka mmoja mmoja kwa ncha za vidole, na yule mwenye sukari, asijue la kufanya, akaiweka sakafuni karibu na mlango.

Tulikaa pale mpaka nesi alipoamka mwenyewe, na hakuamka mapema. Shemeji hakurudi kitini, alibaki ameketi chini, mgongo ukutani. Mara moja yule mama alisogea akamwongezea chai, kwa mazoea tu nadhani, kikombe kilikuwa kitupu. Aliitazama chai ile ikipoa.

Nesi alipofungua macho alituangalia kama wageni wa ndoto. Kisha akakumbuka, akaruka akaketi, akaiweka sawa sare yake kwa haraka. Uso wake wote ulikuwa aibu.

"Samahanini. Jamani, samahanini sana, nimewakalisha." Akasikiliza. Bado kulikuwa kimya, na machozi yakaanza kumlenga. "Mama msuluhishi, naapa si kila siku kuko hivi. Kaka, na wewe nisamehe, nimekupotezea muda. Lakini kesho mkija tena mtasikia. Naomba mje tena kesho."

Yeye ndiye aliyekuwa anamwomba shemeji radhi. Kwa mambo yote ya asubuhi ile, hilo ndilo ninaloshindwa kulisimulia nikiwa nimetulia. Msuluhishi hakulisikia vizuri, lakini aliziona nyuso zetu. Akamgeukia shemeji. "Mwambie wewe."

Na shemeji, mwenye ulimi wa kuuza nyumba yenye giza kwa mtu anayeiona, alihangaika na sentensi moja. Alianza na mafundi, akaacha. Akaanza na kofia, akaacha. Mwisho akasema, "Nimewaambia mafundi mama yako kafa. Ndiyo maana kumenyamaza." Nesi aligeuka kumtafuta mama yake kwa macho, haraka, kama kuhakikisha. Mama alikuwa pale pale, birika mkononi.

Uamuzi ulichapwa dukani kwangu wiki ile. Mkataba ulivunjwa, nesi arudishiwe kodi ya miezi iliyobaki, na dalali arudishe malipo yake ya udalali yote. Msuluhishi aliandika kwamba anayemwambia mteja asikilize mwenyewe, huku akijua amechagua siku isiyo na cha kusikika, hana tofauti na aliyemdanganya. Kuhusu msiba hakuandika neno. Mama yake nesi ndiye aliyeomba hivyo, akasema mwenye mke na watoto asiwekewe hilo kwenye karatasi. Tajiri mwenye nyumba akalipa, akachukua funguo zake, akampa dalali mwingine. Shemeji hakubisha lolote. Aliutia saini mahali nilipomwonyesha, chini ya kifungu chake kilichonukuliwa humo.

Dada yangu hakuambiwa na mumewe. Alisikia sokoni, na kwa muda mrefu mezani kwao palikuwa na sauti za vijiko tu.

Nesi na mama yake walihamia upande wa pili wa soko, nyumba ndogo nyuma ya maghala, na nasikia analala. Kwa hiyo tunakutana. Mimi na shemeji tukipita pale na yule mama akiwa amesimama kwenye nyanya, hatuwezi kujifanya hatujamwona, ni mkubwa kwetu. Shemeji husogea, huinama kuliko inavyohitajika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," humjibu kwa uchangamfu wote, akimpa mkono. "Bado nipo."

Hasemi kwa ubaya. Anauliza na habari za watoto. Shemeji hujibu wazima, hushukuru, kisha huingia duka lililo karibu, lolote lile, na kuuliza bei ya kitu ambacho hakihitaji.